Baiskeli za Changarawe: Njia Tatu za Msitu, Pwani na Ziwa



Katika miezi iliyopita tumepokea maswali ya aina mbili kuhusu safari za baiskeli ambazo baadhi ya wafadhili wetu wameomba kuzifanya wanapokuja kutembelea miradi. Wafadhili wanauliza habari za barabara: je, ina mawe, ina mchanga, maji yanapatikana, mtu atalala wapi? Kamati za parokia zinauliza habari za baiskeli: ni baiskeli gani hiyo ambayo bei yake inazidi ya pikipiki mpya, na kwa nini mtu mwenye uwezo wa kupanda gari achague kupita kwetu akiwa amejaa vumbi? Maswali yote ni ya haki. Wafadhili wanaijua baiskeli na kamati zinaijua barabara. Sisi tulio katikati tumeona ni vema kueleza yote mawili pamoja, kwa kutumia njia tatu za hapa Tanzania ambazo tumezipita wenyewe: milima ya Usambara Mashariki, pwani ya Pangani, na kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria.

Tuna sababu nyingine ya kuandika. Kwenye mojawapo ya njia hizo tulifanya kosa, na kamati ya huko bado haijatusamehe kikamilifu. Tutalieleza tutakapofika mahali pake.

BAISKELI YENYEWE

Mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye barabara za changarawe ulipata jina lake Marekani, katika majimbo yenye mashamba makubwa na barabara ndefu zisizo na lami. Mbio zinazojulikana zaidi zilianza mwaka 2006 katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas, zikiwa na washiriki wachache sana. Leo zinaitwa Unbound Gravel na huvutia maelfu. Mwaka 2022 chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli kiliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe, kaskazini mwa Italia. Kwa majirani zetu wa Kenya, mbio za Migration Gravel Race zilianza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara, zikiwa za siku nne. Miongoni mwa walioupa mchezo huu sura ya Afrika Mashariki ni Mkenya Suleiman Kangangi, aliyejulikana kama Sule. Alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani. Tunamtaja ili anayetaka kujiunga na safari hizi ajue kwamba mteremko wa changarawe si mchezo wa watoto, hata kwa bingwa.

Ukiiweka baiskeli ya namna hiyo kando ya ile Phoenix ya katekista, utaona mambo mawili ya kushangaza. La kwanza ni kwamba tairi zake ni karibu sawa. Wageni wengi huja na tairi za upana wa milimita 40 hadi 45. Tairi ya kawaida ya dukani kwetu, iliyoandikwa 28 x 1½, ina upana wa inchi moja na nusu, yaani kama milimita 38. Kwa maneno mengine, wataalamu wa Ulaya na Marekani wamezunguka miaka mingi na tairi nyembamba kama kidole, kisha wamerudi kwenye kipimo ambacho mkulima wetu hajawahi kukiacha.

La pili ni upepo. Mwendeshaji wetu hujaza tairi hadi iwe ngumu kama jiwe, na ana sababu, maana nyuma kwenye karia kuna gunia la mkaa au mikungu ya ndizi. Mgeni hubeba mzigo mdogo, kwa hiyo hupunguza upepo makusudi. Tairi ngumu huruka juu ya kila kokoto na kumchosha mtu. Tairi laini kidogo huimeza kokoto na kushika ardhi. Tofauti zilizobaki ni gia nyingi za kupandia mlima, uzito mdogo, na breki za sahani. Tutaona kule Amani kwa nini breki ni jambo la kwanza.

Kuna udhaifu mmoja ambao wafadhili wanapaswa kuujua kabla ya kufungasha. Tairi nyingi za siku hizi hazina tyubu; ndani yake kuna majimaji mazito yanayoziba tundu la mwiba yenyewe. Hayo hufanya kazi vizuri kwa miiba ya migunga. Lakini jiwe likichana tairi ubavuni, majimaji yote humwagika barabarani na mtu hubaki amesimama. Hapo atamtafuta fundi wa kijijini, ambaye ana tyubu, solusheni na pampu, na bado hataweza kumsaidia. Tundu la vali kwenye rimu za wageni ni jembamba, na vali ya tyubu ya dukani kwetu ni nene, haipiti. Tulimwona fundi mmoja chini ya mwembe akiigeuza rimu hiyo mara tatu, akacheka, akaomba patasi. Mwenye baiskeli alikataa. Basi kila mtu aje na tyubu zake mbili na pampu yake.

BARABARA YA MORAMU INAVYOISHI NA KUFA

Wafadhili wengine hudhani barabara isiyo na lami ni barabara iliyosahauliwa. Sivyo. Barabara nzuri ya moramu hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yateremke pande zote mbili hadi mitaroni, na toka mitaroni yapite kwenye makalavati. Barabara nyingi za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na zile kubwa za mikoa ziko chini ya TANROADS. Greda likipita, mgongo unarudi. Majani na taka zikiziba mtaro, mvua moja tu ya masika inatosha: maji yanakosa njia, yanapanda barabarani, yanachimba mfereji katikati, na baada ya wiki mbili lori haliwezi kupita wala gari la wagonjwa.

Pale ambapo magari hupita kwa kasi wakati wa kiangazi, barabara hujikunja kuwa mawimbi madogo yaliyopangana kama bati. Dereva wa gari hukimbiza ili aruke juu ya mawimbi. Mwenye baiskeli hana kasi hiyo, kwa hiyo hutafuta ukingo, ule ujia mwembamba ulionyooshwa na nyayo na baiskeli za wanakijiji. Wageni wetu wote walijifunza hilo ndani ya saa ya kwanza: ukitaka kujua pa kupita, tazama alama ya tairi ya baiskeli iliyotangulia.

MSITUNI: MUHEZA HADI AMANI

Njia ya kwanza huanzia Muheza, mji ulio katika nchi tambarare ya machungwa na mkonge, na kupanda hadi Amani, kwenye mwinuko wa takribani mita 900 kutoka usawa wa bahari. Umbali ni kama kilomita 35 tu. Tusidanganyane: ni siku nzima.

Nusu ya kwanza ni nyepesi. Baada ya Sigi, ambako ndiko lango la hifadhi, barabara huingia msituni na kuanza kujizungusha mlimani kona baada ya kona, miti ikikutana juu. Jua halifiki chini. Ndiyo maana barabara hii haikauki kama nyingine. Amani hupata mvua nyingi, takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Kupanda kunachosha lakini hakuna hatari. Kushuka ndiko kunakotaka akili. Breki za vyuma za baiskeli zetu, zile zinazobana rimu, zikilowa karibu hazishiki kabisa, na tumewaona vijana wa Amani wakishuka na mizigo huku mguu mmoja ukiburuzwa chini kama breki ya tatu. Vijana wa parokia wakitaka kuandamana na wageni kwa baiskeli zao za kawaida, tunashauri wapande nao, na kurudi washuke kwa miguu au kwa gari.

Amani ina historia ndefu kuliko wageni wanavyodhani. Wajerumani waliweka hapo bustani ya mimea mwaka 1902, na miti mingi ya kigeni iliyoletwa kwa majaribio bado imesimama. Mmoja wao, msizi, ulitoka kwenye mashamba ya majaribio ukaingia msitu wa asili na kuutawala sehemu nyingi. Mwaka 1997 msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya asili yake ni milima hii. Lilipewa jina la kisayansi kutokana na ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19. Mfadhili mmoja mwenye umri mkubwa alisimama kwenye jabali lenye maji akaliona likiwa limeota lenyewe, akasema mama yake alikuwa nalo jikoni.

Lakini jambo tunalotaka kamati zilitilie maanani ni maji. Mto Zigi huanzia katika misitu hii na kushuka hadi bwawa la Mabayani, ambalo ndilo linaloupa maji mji wa Tanga. Mtu anayeishi kwenye ukingo wa msitu huambiwa asikate mti, asilime karibu na kijito, asipande iliki chini ya miti mikubwa kama walivyofanya wazee wake. Faida ya yote hayo hufika bombani mjini. Mgeni wa baiskeli hulipa ada yake ya kuingia hifadhini, na ni haki, lakini fedha hiyo haiishii kijijini. Kitakachobaki kijijini ni chakula, kitanda, muongozaji, na pilipili manga, karafuu au mdalasini atakaonunua. Kamati ya kigango kimoja ilikaa, ikaandika bei kwenye karatasi na kuibandika ukutani: chai, wali na maharage, kulala, muongozaji wa nusu siku. Hakuna aliyeona aibu kuuliza, wala aliyeona aibu kutaja. Tunaipongeza.

PWANI: MUHEZA HADI PANGANI, NA KUSINI

Kutoka Muheza, barabara ya pili inateremka mashariki hadi mji wa Pangani, chini ya kilomita 50. Inapita mashamba ya mkonge, minazi, na vijiji ambavyo kila nyumba ina kibaraza. Mkonge wenyewe uliingilia nchini hapa Pangani. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 yalikuja mashamba yote utakayoyapita, na pia makambi ya vibarua waliotolewa mikoa ya mbali, ambao wajukuu wao ni waumini wetu leo.

Mjini Pangani kuna boma la kale na majumba ya mawe, na ndipo Abushiri bin Salim aliponyongwa Desemba 1889 baada ya kuongoza vita dhidi ya Wajerumani. Kwa miaka mingi watu na baiskeli wamevuka mto kwa kivuko kwenda Bweni. Mradi wa barabara ya lami ya pwani una daraja pia, na kipande cha Tanga hadi Pangani, cha kilomita 50, kimefanyiwa kazi ya lami katika miaka ya karibuni. Wapenda changarawe husikitika. Mama mjamzito aliyewahi kupelekwa hospitali ya Tanga kwa barabara ile ya zamani hasikitiki, na sisi tuko upande wake.

Kusini ya Bweni mambo matatu huamua safari. La kwanza ni mchanga. Pale barabara inapokaribia ufuo, moramu huisha na tairi ya milimita 40 huzama. Hushuki kwa kupenda. La pili ni upepo. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili hadi Septemba au Oktoba, na kaskazi huchukua zamu kuanzia Desemba hadi Machi. Anayekwenda Ushongo na Mkwaja mwezi Julai anapigana na upepo kifuani siku nzima, na akirudi anasukumwa kama jahazi. Wageni wetu walipanga safari yao wakitazama ramani ya mvua tu. Mvuvi yeyote angewaambia. La tatu ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyo mbele zaidi, ambamo kuna tembo na simba. Baiskeli si chombo cha kuingilia humo kwa kujiamulia. Ni lazima kwanza kupata maelekezo na ruhusa ya hifadhi. Safari zetu zinageukia kabla ya hapo.

Sasa kosa letu. Katika safari moja, mwishoni mwa kiangazi, tulilaza wageni zaidi ya 15 katika ukumbi wa kigango kimoja cha pwani. Walikuwa wamepita tope jeusi karibu na mto, lile linalonata kama gundi, na jioni baiskeli zao zilikuwa hazitambulikani. Uani kulikuwa na simtanki la lita 5,000 la maji ya mvua. Hakuna aliyewakataza, kwa sababu ni wageni, na kwetu mgeni hakatazwi. Wakaosha. Kila baiskeli ndoo mbili, tatu, mmoja akatumia nne. Asubuhi walipoondoka waliacha sadaka nzuri na kuimbiwa wimbo. Siku mbili baadaye tukapigiwa simu. Maji yale yalikuwa yamewekwa akiba kwa ajili ya shule ya awali hadi vuli zianze, na akina mama walikuwa wameanza kwenda kisimani, mwendo wa saa nzima, kisima chenye maji ya chumvichumvi.

Wageni hawakujua. Sisi tulijua, au tulipaswa kujua, kwani tangi lile lilijengwa kwa mradi wetu. Tulikuwa tumeandika kwenye ratiba saa ya chakula, saa ya sala na saa ya picha, hatukuandika neno moja juu ya maji. Tulipeleka gari la maji kwa gharama zetu, likajaza tangi karibu nusu. Mwenyekiti wa kamati alitushukuru kwa heshima zote, kisha akatuambia kwamba kamati imeamua haitapokea tena kundi la baiskeli mpaka ikae na kuzungumza.

Kinachouma zaidi ni kwamba kuosha hakukuwa na haja. Tope la namna ile likiachwa likauke usiku kucha hudondoka lenyewe kwa kugongwa na kupigwa brashi kavu. Kinachohitaji kusafishwa ni mnyororo na gia, na kwa hilo kitambaa na mafuta kidogo vinatosha. Isitoshe, maji mengi yakiingia kwenye bearingi hutoa grisi na kuleta kutu. Fundi yeyote wa kijijini husafisha hivyo, kwa brashi na kitambaa, kwa sababu maji kwake ni mali.

ZIWANI: UKEREWE

Njia ya tatu ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza. Kutoka Mwanza meli huchukua kama saa tatu hadi Nansio. Wengine huzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka hadi Rugezi kwa kivuko. Kisiwa hakina milima mirefu. Barabara zake za mchanga mgumu hupita mihogo, machungwa, mabonde ya mpunga, na kila baada ya muda ziwa hujitokeza kati ya majabali makubwa ya mviringo. Huko Rubya kuna shamba la miti la serikali, na mtu hupanda baiskeli katika kivuli cha misonobari huku akisikia mawimbi. Kisiwa hiki ndicho kwao Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ikachapishwa kwa Kiswahili miaka mingi baadaye.

Ukerewe baiskeli si mchezo. Inabeba abiria, samaki, magunia, na mgonjwa akiwa ameegemea mgongo wa mwendeshaji. Kwa hiyo mgeni hashangazwi na mtu, na mafundi ni wengi na hodari. Vijana walitaka kushindana na wageni kutoka njia panda hadi sokoni, na Phoenix yenye karia ilifika ya pili. Hatutataja nani alikuwa wa mwisho.

Tahadhari ni mbili. Maji ya ufukweni yana kichocho. Mtu asiogelee wala kusimama majini kuosha baiskeli, hata akiona watoto wakifanya hivyo, kwani watoto hao ndio wanaougua. Pili ni vyombo vya majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 walikufa. Familia kadhaa tunazozitembelea zilipoteza ndugu siku ile. Wafadhili wameomba Ukara iongezwe kwenye njia. Jibu letu ni kwamba chombo kikionekana kimejaa tunabaki gatini, hata kama ratiba inaharibika, na asiyekubali hilo asijiandikishe.

TUNACHOOMBA

Kwa kamati: kabla ya kundi lolote kufika, tuandikieni maji yaliyopo ni lita ngapi na ni ya nani, bei zenu, na jina la fundi wa karibu. Mtendaji wa kijiji ajulishwe na kitabu cha wageni kiwe tayari. Mkiona mtaro umeziba kwenye barabara yenu, msingoje baiskeli wala greda. Watu kumi na majembe kumi huumaliza asubuhi moja kabla ya masika.

Kwa wafadhili: njooni kati ya Juni na Septemba kwa njia za msitu na ziwa, na Januari au Februari kwa pwani. Leteni tyubu zenu, brashi kavu, na noti ndogondogo za kulipia chai. Msigawe pipi barabarani. Watoto wanakimbilia magurudumu.

Kamati ya kile kigango cha pwani imesema itakaa baada ya masika, na imetualika tuwepo. Mpaka hapo, makundi ya njia ya Pangani yatalala katika nyumba za wageni mjini. Fedha za kuongeza tangi la pili kigangoni zimepatikana nusu. Baadhi ya waendesha baiskeli wa safari ile ndio waliochanga, walipopata barua yetu.